Mheshimiwa Fundi wa Viti

Nchi ya Mbirimbi msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Wachora ramani walipofika kile kisiwa jua lilikuwa la utosi, wakatia nukta, wakaandika pembeni kwamba nukta hiyo ni mali ya Malkia wa Ng'ambo, wakarudi melini kunywa chai. Nukta ile ilitosha. Wambirimbi, ambao hadi asubuhi ya siku ile hawakujua kwamba ni mali ya mtu, kufikia alasiri walikuwa na bendera. Haikupita miaka mingi wakapata gereza, posta, na kubwa kuliko yote, Baraza la Kutunga Sheria.

Lilikuwa Baraza zuri sana, na kila mgeni aliyepita Mbirimbi alilisifu. Gavana Grimbali, mtu mnene mwenye moyo mwepesi na masharubu mazito, ndiye aliyelifungua, ndiye aliyeliongoza na ndiye aliyelifunga. Wajumbe walikuwa wa aina mbili. Wajumbe wa raia, yaani Wazungu wenye mashamba ya miwa, waliruhusiwa kusema lolote walilotaka. Wajumbe wa serikali hawakuruhusiwa kusema kitu, lakini walikuwa wengi zaidi kwa mmoja. Sheria iliagiza wawe hivyo daima, ili mjadala usije ukaharibu uamuzi.

Kura zilipigwa kwa utaratibu ambao hata mtoto angeuelewa. Gavana alitikisa kengele ya shaba. Aliyeunga mkono alisimama, aliyepinga alibaki ameketi. Mjumbe wa serikali alikuwa huru kusinzia, kuchora maua au kukata kucha, mradi kengele ikilia asimame. Wajumbe wa raia, kwa upande wao, walibaki wameketi siku zote. Walikuwa wamepinga kila kitu kwa miaka mingi, na kwa raha kubwa, wakijua kwamba hakuna hatari yoyote ya kushinda.

Nyuma ya jumba la Baraza palikuwa na mtaa wa Kisimani, ulioitwa hivyo kwa sababu ya kisima chake cha maji matamu, katika mji ambao visima vingine vyote vilikuwa na ladha ya chumvi. Hapo ndipo alipokaa Fundi Mkadara bin Ngwale, seremala, pamoja na mkewe, Bi Mwanamvua. Viti vyote vya Baraza alivichonga yeye, vya mvule, vyenye mikono, na vikalio vyake vimesukwa kwa henzerani. Hotuba hakuwahi kusikia hata moja, kwa kuwa aliitwa siku ambazo Baraza halikutani, kuja kukaza miguu iliyolegea. Wajumbe wa enzi zile walikuwa wazito, na mjumbe mzito akisinzia huegemea upande mmoja. Sheria zilizotungwa juu ya viti vile hazikumshughulisha. Aliziona kama mvua za nchi ya jirani: akisikia zimenyesha, alisema alhamdulillahi, akaendelea kupiga randa.

*

Ikatokea kwamba huko ng'ambo magazeti yaliandika kuwa watu wa makoloni wanatawaliwa bila kuulizwa. Waziri wa Makoloni hakupenda kusoma mambo kama hayo akiwa anakula mayai yake ya asubuhi. Akaamuru mageuzi. Meli ilipotia nanga Mbirimbi, Gavana Grimbali akajua kwamba anatakiwa kumwingiza Barazani mwenyeji mmoja, akawasemee wenzake.

Kazi ya kumtafuta mtu huyo alipewa Katibu wa Koloni, Bwana Pinchi, kijana mrefu mwembamba aliyekuwa Mzungu pekee serikalini mwenye kujua Kiswahili. Alikuwa amejifunza kwenye kitabu kilichotungwa na padri ambaye hakuwahi kuvuka bahari, kwa hiyo hata akiomba chumvi mezani alisikika kama anayehubiri. Bwana Pinchi alizunguka kisiwa kizima, akarudi na Mzee Sudi bin Shekuwe. Mzee Sudi alikuwa na ndevu nyeupe za heshima na ukoo usio na doa, na masikio yake yalikuwa yameziba kitambo. Gavana alifurahi. Alisema kwamba mjumbe asiyesikia upande wa pili ndiye atakayetetea upande wake bila kuyumbishwa.

Siku Mzee Sudi alipokula kiapo, Gavana alitoa hotuba iliyochukua asubuhi nzima. "Leo," alisema alipofika kileleni, "Mbirimbi imeanza kujitawala, kwa kiasi kisichoweza kuidhuru."

Hapo ndipo hesabu ilipoanza kuleta matata. Raia wakiongezeka mmoja, serikali nayo haina budi kuongezeka mmoja, basi akaapishwa mkuu wa bandari. Wenye mashamba wakanung'unika kwamba mwenyeji ameongezewa kiti na wao hawakuongezewa. Wakaongezewa. Serikali ikamwapisha daktari. Magazeti ya ng'ambo yalipoona mageuzi yamekubalika yakadai mageuzi mengine, na Waziri, ambaye sasa alikuwa amezoea kusifiwa wakati wa mayai, akayatuma. Mageuzi yana tabia ya mbuzi: akitoka mmoja zizini, wote wanafuata. Akaapishwa bwana posta, akaapishwa mkuu wa gereza, akaapishwa hata daktari wa wanyama aliyeshuka melini kumtazama farasi wa Gavana. Huyo alikula kiapo kabla hajanawa mikono.

Kila mageuzi yalifikia mlangoni kwa Fundi Mkadara. Barazani waliyaita maendeleo ya katiba, na yeye akayaita viti. Karakana yake ilijaa maranda hadi kizingitini, na Bi Mwanamvua akapata kanga mpya kila Idi. Mtu akimuuliza Mkadara anaonaje mageuzi haya, alijibu kwamba anaomba Mungu yasikome.

Kisha Wazungu wa serikali wakaisha. Alibaki mke wa Gavana tu, naye alisema kichwa kinamuuma. Bwana Pinchi akakaa na vitabu vyake hadi akagundua kwamba sheria inamruhusu kuwa mjumbe wa serikali mtu yeyote aliye katika utumishi wa serikali. Rangi haikutajwa, maana aliyeiandika sheria hakudhani kuna haja ya kuitaja. Basi wakaapishwa Farijala, mpishi wa Gavana. Songoro, mtunza bustani wake. Askari wa kupiga mzinga wa adhuhuri. Na wengine wa aina hiyo, karibu wote wakazi wa Kisimani. Mageuzi yaliyofuata yalipodai mtu mmoja zaidi, Bwana Pinchi alikwenda karakana, akamkuta Mkadara ameinamia mguu wa kiti.

"Ewe fundi," alimwambia, "tangu sasa wewe u Mheshimiwa."

Mkadara aliuliza kama itambidi aache useremala. Akaambiwa la. Akauliza kazi yenyewe ni nini. Bwana Pinchi akamfafanulia kwa upole kwamba kengele ikilia, asimame.

"Na isipolia?"

"Ukae."

Mkadara aliona si kazi ngumu, akafuta mikono, akakubali.

*

Serikali ilimpa koti jeusi lililokuwa la bwana posta, likamfika magotini. Bi Mwanamvua alilipunguza mikono, akampigia pasi kanzu, akamfukizia udi. Watoto wa mtaa wakaanza kumwita Mheshimiwa kwa mzaha, watu wazima wakadakia kwa dhati, na yeye mwenyewe, ingawa alikataa kwa mdomo, akaanza kutembea polepole.

Barazani aliwekwa katikati, Farijala kushoto kwake akinuka vitunguu, Songoro kulia akinuka mbolea. Mara ya kwanza kengele ilipolia alisimama kabla ya watu wote, na Gavana akamwitikia kwa kichwa. Furaha aliyoipata siku ile alishindwa kuieleza nyumbani. Hotuba hazikumsumbua, kwa kuwa zilisomwa kwa lugha ya ng'ambo, na Bwana Pinchi alizifasiri kwa ufupi. Hotuba ya saa nzima kuhusu ushuru wa forodha aliifasiri, "Bwana huyu amekasirika." Mzee Sudi peke yake ndiye aliyesema Kiswahili. Kila kikao alisimama kuomba daraja la mto Kijiwe, ambako watu walikuwa wakivuka kwa kamba, na kila kikao Gavana alimshukuru na kuunda kamati.

Siku moja kengele ikalia kwa ajili ya Sheria ya Unadhifu wa Barabara. Mkadara akasimama kama ada. Wiki haijaisha, askari wakaingia Kisimani na gunia. Bi Mwanamvua alikuwa ameanika muhogo wake kando ya njia, kama mama yake alivyoanika, na bibi yake kabla ya mama yake. Wakaukumba wote, wakaondoka nao. Mkadara aliporudi alimkuta mkewe amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mwenzangu, sheria hii ilipita Barazani?"

"Ilipita."

"Nawe ulisimama?"

"Nilisimama."

"Ulijua unasimamia nini?"

Mkadara alivua koti, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena. "Kengele ililia, mke wangu."

Bi Mwanamvua hakumgombeza. Alimpakulia chakula, akampa maji ya kunawa, akaketi upande wa pili wa mkeka. Mkadara alitamani angegombezwa. Tangu siku ile kengele ikilia magoti yake yaliinuka kama kawaida, lakini moyo ulikuwa ukichelewa nyuma, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

*

Baraza sasa likawa halienei ndani ya Baraza. Wajumbe walikaa goti kwa goti. Bwana posta aliyekuwa karibu na mlango alilazimika kutoka nje kila daktari alipopiga chafya. Wajumbe wengine waliwekwa roshani, wakapiga kura kupitia dirishani. Kwa kuwa haiwezekani mageuzi yashindwe kwa sababu ya kuta, Gavana alileta muswada wa kujenga Jumba Jipya, lenye kuba, mnara wa saa ya nyuso nne, na nafasi ya viti ambavyo hata Waziri hajaviota.

Bwana Pinchi alifasiri muswada ule kwa maneno machache: "Jumba kubwa. Viti vingi." Gavana akamwita Mkadara pembeni, akampiga bega, akamwambia, Bwana Pinchi akifasiri, kwamba viti vyote ni vyake kuchonga. Fundi alirudi nyumbani akitembea upesi, amesahau kabisa mwendo wa Kimheshimiwa, akipanga kichwani magogo ya mvule atakayoagiza.

Alipoingia uani alimkuta Bi Mwanamvua amechutama karibu na jiko. Hapakuwa na moto. Alikuwa akikitazama kigingi kilichopigiliwa baina ya mafiga na kinu, kimepakwa rangi nyekundu kichwani.

Alimweleza mumewe kwamba wapimaji walikuja asubuhi, wakiwa na kamba na darubini. Walikuwa watu wa adabu, walipiga hodi. Wakapigilia kigingi kimoja hapa, kimoja msikitini, kimoja kando ya kisima, na kimoja kichwani pa kaburi la mama mzazi wa Bi Mwanamvua, ambaye udongo wake ulikuwa haujakaa sawa. Mtaa wote utahamishiwa Mwambani, upande wa pili wa kisiwa, kulipisha Jumba Jipya. Wapimaji waliusifu sana Mwambani kwa hewa yake. Alipowauliza kuhusu maji, walimjibu kwamba maji yataundiwa kamati.

"Nao wakaniambia nisiwe na wasiwasi," alimaliza, "kwa sababu mume wangu yumo Barazani."

Mkadara hakuvua hata koti. Alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Pinchi. Huyo alimpokea vizuri, akamkaribisha kiti, tena kimojawapo cha vile alivyovichonga mwenyewe, akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akamweleza kwamba kama mkazi wa Kisimani ana haki kamili ya kupinga muswada, na serikali inaiheshimu haki hiyo. Ila kama mjumbe wa serikali hana. Ikiwa mkazi anayeitwa Mkadara ana malalamiko, na ampelekee mwakilishi wake, Mzee Sudi, na Mheshimiwa Mkadara asichanganyike na jambo hilo. Alisema haya bila kejeli, huku masikio yake yakiwa mekundu. Mkadara alipoondoka, Bwana Pinchi alimsindikiza hadi kwenye ngazi, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya.

Kwa Mzee Sudi ilibidi kupaza sauti, kwa hiyo mtaa mzima ulisikia shauri lile kabla yeye hajalisikia. Mzee alipoelewa, alishusha tasbihi, akasema kwamba atasema. Aliongeza kwamba kusema hakujawahi kumshinda.

Wakabaki Farijala na Songoro. Mkadara aliwakuta jikoni kwa Gavana, wakila mikate iliyobaki. Wote wawili walikuwa na vigingi vyao uani. Alikuwa amekuja kuwaambia wasisimame. Badala yake akauliza wanafikiri nini. Songoro alisema ana watoto wengi. Farijala alitazama mkate wake kwa muda mrefu, kama vile aliyeupika ni mtu mwingine.

"Sisi ni watu wa kengele, Bwana Fundi," alisema.

Hawakukubaliana kitu. Kila mmoja alishika njia yake.

*

Siku ya kura watu wa Kisimani walijaa nje ya jumba, wanawake mbele. Ndani, joto la miili liliyafanya masharubu ya Gavana yalegee. Mzee Sudi aliitwa kusema, akasimama, na kwa mara ya kwanza hakuomba daraja.

Hakupiga kelele. Alisema kwamba mgeni akikaribishwa nyumbani hupewa mkeka, na akiuona mkeka ni mfupi huongezewa wa pili. Lakini yeye hajasikia, na hapa akagusa sikio lake, ingawa husikia machache, kwamba mgeni akikosa pa kunyoosha miguu mwenye nyumba hutolewa nje. Alisema kisima kile kilichimbwa na watu ambao majina yao yamesahaulika, na maji yake hayajawahi kumuuliza mtu ni wa upande gani. Kisha akaketi.

Bwana Pinchi alipomaliza kufasiri, Gavana aliguswa. Alisema kwamba hotuba kama ile ndiyo ushahidi kuwa mageuzi yamezaa matunda, na kwamba Jumba Jipya litakapokamilika, maneno ya Mzee Sudi yatachorwa ukutani, upande wa ngazi. Akanyoosha mkono, akatikisa kengele.

Wazungu wa serikali wakasimama. Askari wa mzinga akasimama, kwa kuwa alizoea kutii mshindo wowote. Mkadara alihisi magoti yake yakianza kuinuka yenyewe, yamefundishika kama punda wa kinu. Akashika mikono ya kiti kwa nguvu zote. Akilini alikiona kigingi, alimwona Bi Mwanamvua amechutama mbele ya jiko lisilo na moto. Jasho lilimtiririka ndani ya koti la bwana posta. Magoti yakarudi chini.

Upande wa kulia Songoro alikuwa ameshainuka nusu. Akageuza shingo, akamwona Fundi ameketi, akabaki hivyo hivyo amejikunja, hajasimama wala hajakaa, kama mtu anayetafuta sindano. Kisha akashuka taratibu. Farijala hakuwa amejisogeza kabisa. Alikuwa akiitazama dari kwa makini, kama mtu anayehesabu buibui. Nyuma yao wale wengine wa Kisimani walitazamana, wakajikalia.

Gavana alidhani hawakusikia. Akatikisa tena, safari hii hadi jirani yake akaziba masikio. Hakuna aliyeinuka, bali askari wa mzinga, baada ya kutazama huku na huku, aliketi. Gavana akamwambia Bwana Pinchi awaulize kama wanaumwa.

Bwana Pinchi akauliza. Mkadara akatambua kwamba watu wote wanamtazama yeye.

"Hatuumwi, bwana," alisema. Sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyokusudia. "Tunakaa hapa."

Bwana Pinchi alifungua mdomo afasiri, akaufunga, maana kile kitabu cha padri kilikuwa kimemfundisha kwamba neno hilo lina maana mbili, na hakujua aliyeketi mbele yake ametumia ipi. Akafikiri kidogo, akafasiri zote mbili.

Muswada ukaanguka. Jambo kama hilo halikuwahi kutokea, na hakuna aliyejua lifanyiweje. Kanuni za Baraza zilieleza mavazi, viapo, na namna ya kumwamsha mjumbe kwa heshima, lakini hazikuwa na neno hata moja kuhusu serikali kushindwa. Wenye mashamba, ambao walikuwa wamepinga kwa mazoea tu, walipigwa na bumbuazi. Mmoja wao aliinuka akiomba kura irudiwe, kwa kuwa yeye binafsi alilitaka sana lile jumba. Gavana alitazama saa, akaahirisha kikao ili watu wakanywe chai, na chai ile haikwisha.

*

Mkadara alifika nyumbani, akaketi mlangoni na koti lake, akingoja kukamatwa. Bi Mwanamvua aliketi naye. Alimwuliza kama anaogopa, akajibu ndiyo. Akamshika mkono, akasema hata yeye. Wakangoja hadi wali ukaiva, wakala, na hakuna aliyekuja.

Kilichokuja, baada ya muda, ni Mageuzi Makuu. Lilipigwa baragumu mjini kote, kwamba serikali, kwa huruma yake, imeamua kuwapunguzia Wambirimbi mzigo wa kuwakilishwa. Tangu sasa Baraza litakuwa na Gavana, Katibu wa Koloni na mkuu wa gereza. Kwa kuwa watu hao wanaenea hata kwenye meza ya chakula, Jumba Jipya halihitajiki tena. Wapimaji wakarudi na adabu zao, wakapiga hodi, wakang'oa vigingi. Magazeti ya ng'ambo yalisifu uamuzi huo kwa kubana matumizi.

Kisimani wakapiga ngoma. Sidhani kama kuna mahali pengine duniani ambapo watu wamecheza kwa furaha namna ile siku waliyonyang'anywa bunge. Mzee Sudi peke yake hakucheza. Alimwambia Mkadara kwamba nyumba imepona, alhamdulillahi, lakini lile daraja sasa ataliomba wapi, na watu wa Kijiwe bado wanavuka kwa kamba. Mkadara alikuwa amepoteza kazi kubwa kuliko zote za maisha yake, na hilo lilimuuma kidogo; ila alishangaa kuona kwamba swali la mzee lilimuuma zaidi. Akarudi kuchonga milango na vitanda.

Pengine ni swali lile lililoleta mambo mengine. Msimu wa kiangazi, kisima kilipohitaji kuzibuliwa, watu wa Kisimani walikutana alasiri pale karakana kushauriana nani atashuka na nani atavuta kamba. Shauri likawa refu, wakakutana tena. Mara watu wa Kijiwe wakaja na habari za mto wao, wakakaribishwa kwenye mbao. Wanawake, ambao ndio wachotaji, walisema kuliko wanaume, na Bi Mwanamvua alimwomba mumewe mara mbili angoje zamu yake. Kura walipiga kwa kunyoosha mikono.

Gavana alisikia, akaingiwa na wasiwasi. Bunge lisilo na kibali ni kosa, lakini porojo si kosa, na kutoka mbali vitu hivi viwili hufanana. Akamtuma Bwana Pinchi akachunguze.

Bwana Pinchi alifika jasho likimtoka, akasimama kizingitini, akauliza kwa Kiswahili chake cha mimbarini ni nani aliyeuitisha mkutano huu, na upande wa serikali unakaa wapi. Mkadara akamwambia kwamba pande hazipo, bwana, ila kuna nafasi pale kwenye gogo, na jua ni kali. Akaletewa maji ya kisima. Akaketi kwa sababu ya adabu, akasikiliza kwa sababu ya kazi, na baada ya kitambo akawa anasikiliza tu. Watu wa Kijiwe walikuwa wakiomba vijana wa kusaidia kufunga magogo ya daraja, na ubishi ulikuwa kama wasaidiwe sasa au baada ya kisima. Bwana Pinchi akajisahau, akasema kwamba kwa maoni yake daraja litangulie. Akapingwa na mama muuza samaki, akamjibu, akapingwa tena, masikio yakamwiva. Ilipoitishwa mikono, na wake ukawa juu pamoja na mingine.

Upande wake ukashindwa. Kisima kikatangulia.

Alibaki pale kwenye gogo wakati wengine wakikung'uta nguo na kuagana. Ukiacha ile siku ya chai isiyokwisha, katika maisha yake yote ya utumishi hakuwahi kuwa upande ulioshindwa, na ilionekana hajui mtu akishindwa hutoka kwa mlango upi. Mwishowe akamgeukia Bi Mwanamvua, akamwuliza kwa sauti ya chini, kama mgeni anayeuliza desturi za nyumba, wale walioshindwa hufanywa nini.

Bi Mwanamvua alikichukua kikombe chake kilichokuwa kitupu.

"Hunywa maji, bwana," alisema, "kama wengine." Akamjazia.